Nyasi za mashine, za kukaushwa au za mundu: zipi zinamfaa punda?

ChandeMikindani: Wanajamvi, salaam. Nina punda wawili wa kubeba maji hapa Mikindani, na mwenye bustani jirani yangu amenikubalia kuchukua bure viroba vya ukoka unaokatwa kwa mashine kila Jumamosi. Niwape mbichi, niukaushe kwanza, au niendelee kuwakatia nyasi ndefu kwa mundu?

MamaNdanda: Ndugu Chande, nakusihi usiwape mbichi. Ukoka wenyewe hauna ubaya, lakini mashine huukata vipande vidogo mno, ambavyo punda huvibwia bila kuvitafuna vya kutosha, na ukishashindiliwa ndani ya kiroba huanza kuchacha baada ya saa chache. Tia mkono katikati ya kiroba cha asubuhi ifikapo alasiri. Utakuta joto na harufu kama ya togwa lililopitiliza. Punda, kama farasi, hawezi kutapika, kwa hiyo gesi ikijaa tumboni humletea msokoto unaoweza kumuua.

Nachingwea_Mfugaji: Mbona ng'ombe wangu wanakula hizo hizo na hawajapata tatizo?

MamaNdanda: Kaka, ng'ombe hucheua, na chakula chake huchachushwa mwanzoni, katika tumbo kubwa. Kwa punda na farasi kazi hiyo hufanyika nyuma, baada ya utumbo mwembamba, na sukari nyingi ikifika huko kwa ghafla huvuruga tumbo na hata kuumiza kwato kwa ndani.

BintiShangani: Kukausha kunawezekana wakati wa kiangazi, ukianika tabaka jembamba na kuligeuzageuza. Mimi nilijaribu mwezi Februari juu ya turubai. Mvua na unyevu wa bahari havikunipa nafasi, katikati kukaota ukungu, nikamwaga zote. Hata zikikauka vizuri, vipande vile vifupi hubaki kama vumbi. Tena chunguza viroba: watunza bustani huchanganya humo matawi ya uzio wa miti, na oleanda, kichaka cha maua cha bustanini, ni sumu kali hata ikiwa kavu. Kwangu mundu unashinda, maana unaona kila unachokata.

ChandeMikindani: Nashukuru sana. Viroba vitakwenda kwenye shimo la mboji, na Jumamosi nitamwomba mtunza bustani aniachie kona moja isipitiwe na mashine, nyasi zikifika magotini nizikate mwenyewe kwa mundu na kuwapelekea siku hiyo hiyo.