Waranti ya gari lililotumika: kila kitu kwao ni "kidogo", na siku zangu zinayoyoma

Wakuu, huu uzi niliuandika jana usiku nikaufuta, maana matusi yalikuwa mengi kuliko hoja. Leo nimetulia. Kidogo.

Nilinunua gari lililotumika yadi, si kwa mtu. Nilikubali bei ya juu kwa makusudi kabisa ili nipate waranti ya miezi mitatu, nilale usingizi. Siku ya kusaini, muuzaji alinisifia hiyo waranti mpaka nikaona aibu kuuliza maswali. "Bosi, ukisikia hata mlio wa panya, wewe leta." Hata mlio wa panya! Nimeikariri hiyo sentensi kama namba ya simu ya nyumbani.

Wiki ya pili panya wakaanza kulia.

Panya wa kwanza ni feni ya AC. Namba 1 kimya, 2 kimya, 3 kimya, ukifika 4 inapuliza mpaka karatasi za kwenye dashibodi zinaruka. Wanaojua magari wameshacheka hapo: ni rezista ya feni. Kwenye spidi za chini umeme unapita kwanza kwenye rezista unapunguzwa, kwenye spidi ya juu kabisa unaenda moja kwa moja kwenye mota, ndiyo maana 4 inabaki peke yake. Kenyewe ni kidude kinaenea kiganjani, kwenye magari mengi kimejificha nyuma ya droo ya abiria wa mbele, unafungua skrubu mbili tatu umemaliza. Nimewapelekea gari, nimekaa benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa, narudishiwa ufunguo naambiwa "AC inafanya kazi, tumeijaribu." Nauliza mmeijaribu namba ngapi? Fundi anamtazama mwenzake. Namba 4. Sasa mimi niendeshe gari mwaka mzima nikiwa ndani ya kimbunga?

Halafu kuna mlio wa chini mbele kushoto. Ukipita tuta au barabara yenye mashimo mashimo, kokoko, kokoko. Hawakubishana kwamba upo, walipanda na mimi wakausikia, na fundi mwenyewe akasema ni linki ya stabilaiza imelegea, kale kachuma ka chini kanakosaidia gari lisiyumbe. Nikajua hapa nimeshinda. Kumbe! Tukarudi ofisini, msimamizi akatoa karatasi na kuweka kidole: "uchakavu wa kawaida" hauhusiki.

Jamani, mimi si mtoto. Breki pedi zikiisha ni zangu, waipa ni zangu, tairi ni zangu, klachi nikiichoma mwenyewe nitainunua mwenyewe. Hivyo vinaisha kwa kutumika na sina ugomvi. Lakini linki iliyolegea ndani ya siku kumi na mbili tangu nichukue gari imechakaa mikononi mwa nani? Imekuja nayo! Na kwenye karatasi yao ya ukaguzi, ile waliyonipa na tabasamu, sehemu ya chini ya gari ina alama ya vema kuanzia juu hadi mwisho. Ama hawakukagua, ama walikagua wakanidanganya. Nilimwambia achague moja. Akaniambia nipunguze sauti.

Sasa njooni kwenye taa ya injini, hapa ndipo damu ilipochemka.

Iliwaka mwezi wa kwanza tangu nichukue gari. Nikapeleka, wakachomeka mashine, dakika kumi imezima, "tayari bosi." Siku nne baadaye imewaka. Nikarudisha, ikazimwa. Ikawaka. Safari ya tatu nikanunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu, nikasoma mwenyewe kodi, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na gari, kabla ya kuwapelekea: P0135. Hiyo inahusu saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, ile ya mbele, inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Sensa hiyo ina waya wa kuipasha moto haraka ili ianze kazi mapema injini ikiwa bado baridi. Inaweza kuwa sensa imekufa, inaweza kuwa fyuzi, inaweza kuwa waya umekatika au plagi imeshika kutu. Kwa hiyo unapima. Mita ya umeme, dakika chache, unajua.

Nikapeleka bila kuwaambia kwamba nina kidude. Jioni wakanipigia: "Tumetengeneza, tulikuta waya una shida." Nikafika, nikawasha, nikachomeka mbele yao. Kodi hakuna, sawa. Lakini gari huwa linajipima lenyewe mifumo yake, na ukifuta kodi yale majibu yote yanafutika, yanabaki "haijakamilika" mpaka uendeshe tena vya kutosha. Yangu yote yalikuwa hayajakamilika. Ni kweli hata ukichomoa betri hutokea hivyohivyo, na nikawapa hiyo nafasi, nikauliza mlichomoa betri? Hapana. Basi nionyesheni waya mliotengeneza. Tukafungua boneti, tukainama watatu. Vumbi juu ya ile plagi lilikuwa limelala vilevile kama nilivyoliacha, hakuna hata alama ya kidole. Fundi akajifanya amepigiwa simu.

Nikawaza usiku, hawa watu si wazembe, maana mzembe hukosea pande zote. Hawa wanakosea upande mmoja tu. Nikaenda kusoma mkataba upya, mstari kwa mstari. Kuna kipengele kinasema hitilafu lazima *iripotiwe kwa maandishi* ndani ya muda wa waranti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini safari zote nne sijawahi kupewa hata kikaratasi cha kupokea gari. Ni "acha ufunguo hapo bosi", "tutakupigia", "njoo Jumatatu". Kwa karatasi mimi sijawahi kulalamika. Gari langu ni zima. Miezi mitatu ikipita, nitakuwa mteja mpya mwenye shida mpya.

Na kabla hamjaniambia "si umpe fundi wako akufungie tu, vitu vyenyewe vidogo": kipengele kingine kinasema fundi wa nje akigusa gari, waranti imekufa. Kwa hiyo nikitengeneza mwenyewe nimewasaidia mara mbili. Wao wanajua watu wengi huchoka wakafanya hivyo hivyo, kwa sababu nani agombane mwezi mzima kwa ajili ya rezista? Injini ikipasuka utapigana. Feni ya AC utavumilia. Hilo neno "kidogo" ndilo linalonitia wazimu. Kama ni kidogo, mbona hamtengenezi?

Kioo cha mlango wa nyuma sitakisimulia sana, nitachafukwa. Kilishuka wiki iliyopita hakikupanda, mota inaunguruma tu mle ndani. Jibu: "spea imeagizwa." Imeagizwa lini, kwa namba gani, inafika lini, hakuna anayejua. Kila jioni mke wangu anakivuta kioo kwa viganja viwili, mimi nabonyeza swichi, tukifanikiwa tunabandika selotepu. Mtoto ameshaona huo ni mchezo, anatuhesabia moja, mbili, tatu.

Zimebaki siku kumi na moja. Jana nimeandika barua, hitilafu zote nne, tarehe za kila safari, picha ya kodi kwenye simu na video ya kokoko. Nakala mbili. Kesho saa mbili asubuhi nipo getini kwao, na ufunguo siachi mpaka nakala yangu igongwe muhuri.

Swali langu kwenu ni moja, na naomba majibu ya waliopitia, si ya kunipa pole: wakikataa kugonga muhuri, mliwabanaje?