Wakuu, uyoga wa porini unatunzwaje usiharibike mpaka jioni?

Mtani wa Mkonge (saa 2:40 asubuhi)
Wakuu habari za asubuhi, niko Tanga huku Pongwe. Masika imetoa uyoga kila kona, jana nimeokota ndoo ndogo nzima, mweupe, kofia pana kama kisahani cha chai, juu una magamba magamba ya kahawia. Swali langu dogo tu, nautunzaje usilainike mpaka jioni maana umeme umekatika tangu jana na nina mgeni mzito nataka nimuungie na tui zito la nazi. Natanguliza shukrani.

Kisamvu cha Jana
Usiuoshe mkuu! Ukishaugusisha maji umeisha, tandaza kwenye ungo uweke kivulini upigwe upepo. Umenikumbusha bibi yangu Muheza, mvua ikinyesha usiku basi alfajiri keshatoka na kijiti chake anaenda kuchimbua wa kichuguu, maana ule una mzizi unashuka chini mpaka kwa mchwa wenyewe, ukivuta kwa pupa unabaki na kofia mkononi. Na kichuguu chake hakukionyesha mtu mpaka anakufa, tumekuja kukigundua siku ya matanga.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, uliuokota wapi?

Mtani wa Mkonge
Shikamoo mwalimu. Karibu na kichuguu.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Karibu ni hatua ngapi?

Mtani wa Mkonge
Kichuguu kipo upande wa pili wa uwanja wa mpira. Wenyewe ulikuwa kwenye majani pale golini, umeota kama duara hivi. Ila mwalimu huu ni salama kabisa, funza wameutoboa, sasa ungekuwa na sumu si wangekufa? Halafu nimeuchemsha na kitunguu saumu hakijabadilika rangi.

Dada wa Raskazone
Ngoja kwanza. Umeuchemsha saa ngapi wakati unauliza namna ya kuutunza?

Mtani wa Mkonge
Nilionja kidogo jana usiku saa 2. Vipande viwili vitatu. Bakuli moja. Mtamu kama kuku wa kienyeji.

Dada wa Raskazone
Na baada ya hilo bakuli?

Mtani wa Mkonge
Kwenye saa 4 nilitapika mara tatu na tumbo likaendesha mpaka usiku wa manane. Lakini jioni nilikula pweza pale barabarani na alikuwa na harufu, kwa hiyo namshuku yule pweza. Asubuhi hii niko fiti. Naona nikiuchemsha mara mbili nikamwaga maji ya kwanza hautakuwa na shida, maana mgeni ni mama mkwe na nilishamwahidi, siku ile alisema mbele za watu kwamba mimi hata mboga siwezi kutafuta.

Bodaboda Msomi
😂😂😂 Kumbe ni mkakati! Mkuu ukifanikiwa tupe mrejesho, mimi wangu anakuja Idi.

Mwalimu Mstaafu
Msicheke. Funza ana tumbo lake na wewe una lako, na kitunguu hakijui sumu. Uyoga unaoota duara kwenye majani ya uwanja, mweupe wenye magamba, kuna wa sumu wenye sura hiyo hiyo na kazi yake ndiyo hiyo uliyoipata, baada ya saa moja mpaka tatu unatapika. Huo una nafuu. Kuna mwingine unakaa kimya saa 6 mpaka 24 ndipo unaanza, mtu anatapika, halafu anapata ahueni anasema nimepona, kumbe ini linaharibika ndani kwa ndani, na ule hata uchemshe siku nzima sumu haitoki. Na sufuria moja inaweza kubeba aina mbili, kwa hiyo huko kuwa fiti kwako asubuhi sikuhesabu. Nenda hospitali sasa hivi na ubebe mbichi mmoja wauone. Kabla hujatoka kata kofia moja, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ifunike na bakuli. Wa kichuguu unaacha vumbi la rangi ya waridi iliyofifia. Huo ukiacha la kijani, jibu unalo. Na lisipokuwa la kijani usije ukasema nimeruhusu.

Kisamvu cha Jana
Kama ni hamu tu si ununue ule mamama unaolimwa kwenye mifuko. Huu wa kichuguu ndio haulimiki, mkulima wake ni mchwa. Zambia kuna wa kichuguu kofia yake inafika mita moja, mtoto anajikinga mvua.

Mdaku wa Ngamiani
Nyie watu mnahangaika na chai. Huyu huyu mwezi wa kwanza alifungua uzi anatafuta mchumba "mwenye hofu ya Mungu", leo ana mama mkwe? Na umeme hakuna tangu jana, simu anachajia nini, mkonge?

Bodaboda Msomi
Hahaha waja leo waondoka leo, huyu kaja na kaoa leo leo.

Mtani wa Mkonge
Ile ID alikuwa anatumia mdogo wangu. Na simu nachaji dukani kwa jirani, ana sola.

Mdaku wa Ngamiani
Mdogo wako na wewe mnaandika sawasawa mpaka makosa. Weka picha ya uyoga.

Mtani wa Mkonge
Inagoma kupanda, mtandao.

Dada wa Raskazone
Awe na mke asiwe naye, aliyetapika aende hospitali. Mwingine anasoma uzi huu na ndoo yake iko jikoni.

Mtani wa Mkonge (saa 9:15 alasiri)
Nimerudi wakuu. Nimepewa dawa ya kuchanganya na maji, kesho nirudi wapime damu waangalie ini. Mwalimu, karatasi nimeikuta ina mistari mistari kama miale ya jua, kijani iliyopauka, ukipitisha kidole inaganda kwenye ngozi. Ndoo yote nimeifukia nyuma ya choo. Mama mkwe ndio anashuka kwenye gari, swali la kwanza uyoga uko wapi.

Kisamvu cha Jana
Mpe kisamvu.

Mdaku wa Ngamiani
Picha ya karatasi?

Mtani wa Mkonge
Nimeshawashia mkaa.