Mchana katika migahawa mipya ya katikati ya mji wa Lubumbashi: tunalipia sahani au tunalipia kiti?

Mkaaji wa Kampemba aliuliza:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninawasalimu. Ninafanya kazi katika ofisi moja ya katikati ya mji, si mbali na barabara ya Mama Yemo, na kwa miaka mingi tulikula mchana kwa mama mmoja aliyekuja na sufuria zake zimefungwa kwa vitambaa: bukari (ugali), sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), na samaki thomson wa kukaanga siku ambazo bei ya sokoni ilimruhusu. Tangu mwaka jana wenzangu wamehamia kwenye ile migahawa mipya yenye taa za kuning'inia, majani ya plastiki ukutani na viti virefu ambavyo miguu haifiki chini, ambako kila mmoja hupiga picha sahani yake kabla ya kuigusa. Mimi sikatai raha, na sitaki kuonekana mtu wa kununa peke yake ofisini, kwa hiyo ninafuatana nao.

Jumatano iliyopita niliagiza baga na viazi vya kukaanga kwa dolari 15, maji ya matunda kwa dolari 5, na chupa ya maji kwa dolari 2. Tulikuwa na saa moja ya mapumziko. Chakula kilifika baada ya dakika hamsini. Nyama ilikuwa imeungua nje na bado ina ubaridi katikati, viazi vilikuwa laini kama vilivyolala usiku kucha, na mchuzi wa nyanya ulikuja katika kibakuli kidogo ambacho, nikisema kweli, ndicho kitu pekee kilichopendeza mezani. Mwenzangu alichukua pizza ya uyoga, akaletewa uyoga wa kopo. Tuko Januari! Mvua inanyesha kila siku, na ukitoka nje ya mji kidogo tu, kwa njia ya Likasi au ya Kasumbalesa, unakuta akina mama wameketi kando ya barabara na mabeseni ya uyoga uliochumwa alfajiri, mwingine umeota kwenye vichuguu na kofia yake inapita upana wa sinia.

Hesabu ilipoletwa, mhudumu aliikataa noti yangu ya dolari 5 kwa sababu ya mpasuko mdogo kuliko ukucha, kisha chenji akanirudishia kwa franka kwa kiwango cha nyumba yao, ambacho kilikuwa chini ya kile cha wabadili fedha walioketi mita ishirini kutoka mlangoni.

Majina ya migahawa tuyaache. Ninachouliza ni hiki: je, kuna kati yenu aliyekula mchana mahali pa namna hiyo akaridhika na chakula chenyewe, si na viti wala muziki? Kama yupo, aliagiza nini?

Binti wa Bel-Air alijibu:

Mimi ninakwenda huko kwa sababu umeme wao haukatiki na choo chao kina maji. Ninaagiza kahawa moja, ninachaji simu, ninamaliza kazi yangu ya kompyuta. Chakula ninakuwa nimekwisha kula nyumbani, kwa hiyo sina malalamiko yoyote.

Mpishi aliyestaafu mapema alijibu:

Ndugu wa Kampemba, nilifanya kazi miaka mitatu katika jiko la mgahawa wa aina hiyo, kwa hiyo niruhusu nikueleze kilichotokea nyuma ya ule mlango wa kusukuma wakati wewe unatazama saa.

Karatasi ya vyakula uliyopewa bila shaka ilikuwa na aina hamsini au sitini: pizza, baga, tambi, kuku wa Kihindi, samaki kwa krimu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, vyakula vya kwetu. Jiko lenyewe lina moto wa sehemu nne na watu watatu. Kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu wanaingia wateja arobaini, na kila meza ya watu sita inaagiza vitu sita tofauti, maana hakuna anayetaka kupiga picha sahani iliyofanana na ya jirani yake. Hakuna mpishi, hata angekuwa na mikono minane, anayeweza kupika vitu sitini vibichi kwa saa moja, na kwa sababu hiyo karibu kila kitu kinatoka kwenye friza kikiwa kimekwisha kukatwa, kuungwa na kugandishwa. Nyama ya baga yako iliwekwa kwenye chuma cha moto ikiwa bado jiwe la barafu, basi ikaungua nje kabla ya moto kufika ndani.

Habari ya viazi ni ya umeme. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, jenereta inawashwa, lakini jenereta ile haibebi kwa pamoja friza, mashine ya kahawa, viyoyozi na kikaangio kikubwa cha umeme. Mwenye nyumba hukubali kuzima kikaangio kwa sababu mteja hakioni, ila kiyoyozi kikizimwa atalalamika papo hapo. Viazi basi hukaangwa katika sufuria ya kawaida, vingi kwa mara moja. Mafuta yanapoa chini ya joto la nyuzi 170 au 180 yanayohitajika, na kiazi kilichoingia katika mafuta yaliyopoa hakikauki juu, kinayanywa tu. Ukiona viazi laini vinavyong'aa, ujue jenereta inafanya kazi.

Kuhusu uyoga, nilipigana vita hiyo nikashindwa. Mama anayeuza uyoga kando ya njia hana risiti, na mhasibu wa mgahawa anataka risiti. Uyoga wenyewe unakuja na udongo, unahitaji mtu wa kuusafisha nusu saa nzima, na kesho yake umeharibika, lakini kopo linakaa rafuni miaka miwili na lina karatasi zake zote.

Sasa nikujibu ulichouliza. Ndiyo, katika nyumba hizo kuna chakula kizuri sana, na kinaliwa kila siku saa tano asubuhi: ni kile cha wafanyakazi. Mtu mmoja wa jikoni hupika sufuria moja kubwa, mbuzi au ng'ombe wa mchuzi aliyeanza kuchemka saa mbili, pamoja na lengalenga ya karanga na bukari uliosongwa hapo hapo. Ng'ombe wetu anatembea sana na ana mafuta machache. Ukimkata bifteki ukamgeuza dakika tatu juu ya moto utatafuna hadi saa ya kurudi nyumbani, lakini ukimwacha saa tatu katika mchuzi hakuna nyama ya kuagizwa kutoka nje inayomfikia. Migahawa michache ina busara ya kuuza sufuria hiyo kama chakula cha siku. Haiko kwenye karatasi. Uliza kwa mdomo, tena uulize hivi: «Ni nini kilichopikwa tangu asubuhi?»

Mstaafu wa Katuba alijibu:

Mwanangu, malalamiko yako nimeyasoma yote, na ninaona umelinganisha vitu viwili visivyolingana. Mwezi uliopita niliuza kiwanja changu, na mnunuzi, mtu wa heshima aliyetoka Kolwezi, nilikutana naye mchana katika mgahawa mmojawapo wa hiyo unayoisema. Tuliketi saa mbili na nusu kwa kahawa mbili na sahani moja ya nyama, tukasoma karatasi zetu kwa utulivu, wala hakuna aliyetufukuza. Kwa mama wa malewa, yaani muuza chakula kando ya njia, ambaye mimi pia ninakula kwake na ninampenda, mtu akimaliza tonge la mwisho anakuta mwingine amesimama nyuma yake ameshika sahani. Kile kiti, ule ukimya na ile meza safi vina gharama: pango la nyumba la dolari, mafuta ya jenereta, na kodi ya asilimia 16 juu ya thamani ya mauzo kwa mwenye kuilipa. Ukigawanya dolari zako 22 utaona kwamba sehemu iliyokwenda kwenye baga ni ndogo.

Hata hivyo, baga ya baridi sitaitetea. Sisi tuliokulia katika kambi za Gécamines, kampuni ya migodi, ambako unga ulitolewa kama posho, hatukuzoea kuchagua chakula kwenye karatasi, lakini kilichofika mezani kilifika cha moto.

Mama wa samaki, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), alijibu:

Papa wa Katuba, kwa heshima yote, mtu aliyeuza kiwanja siku hiyo angeridhika hata na maji ya kunywa. Huyu kijana alikuwa na njaa na saa moja tu.

Ningependa kuongeza neno juu ya samaki, kwa kuwa ndio kazi yangu na kwa kuwa ni samaki ndiye anayewadanganya wengi wenu mchana. Karatasi za migahawa hiyo zinaandika «tilapia wa Luapula» mwaka mzima, kana kwamba mto ni ghala. Samaki wa mto huo hutufikia kupitia Kasenga, kilomita kama 200 kutoka hapa, na katika miezi hii ya mvua njia yenyewe ni tope. Isitoshe, upande wa Zambia uvuvi katika maji hayo hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kwa hiyo mtu akikuuzia mchana wa Januari kipande cheupe, kilichonyooka, kisicho na ngozi wala mwiba, kimefunikwa kwa mchuzi wa krimu, akakuambia kilitoka Luapula jana, mkubalie kwa adabu kisha uagize kitu kingine. Mara nyingi ni samaki wa kufugwa aliyegandishwa, na si kosa. Kosa ni kumbatiza jina.

Ukitaka samaki huko, omba mzima, mwenye kichwa na mkia. Mtazame macho. Hata akiwa wa barafu, mpishi hawezi kumficha sana, na nyama iliyo karibu na mfupa haikauki upesi. Thomson pia, ambaye wakubwa wa mjini wanamdharau kwa kuwa anauzwa kwa mafungu, husafiri katika barafu tangu pwani ya Namibia na bado akikaangwa vizuri kwa ndimu na pilipili anawashinda wote wa krimu. Na bitoyo, wale samaki wa chumvi! Sijawahi kuona mgahawa wa taa za kuning'inia ukithubutu kuweka bitoyo mezani, labda kwa sababu ya harufu, labda kwa sababu hawapendezi katika picha.

Mkaaji wa Kampemba aliandika tena, baada ya siku tisa:

Ninawashukuru nyote, na wewe Papa nimekusikia. Jana nilirudi mahali palepale na wenzangu watatu. Niliiweka karatasi pembeni bila kuifungua nikauliza kama nilivyofundishwa, ni nini kilichopikwa tangu asubuhi. Mhudumu alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake, akaenda jikoni, akarudi akisema kuna mbuzi wa mchuzi na lengalenga, dolari 9, ila hawana sahani yake maalumu. Nilimwambia sahani yoyote inatosha.

Kililetwa baada ya dakika kumi na mbili. Wenzangu, waliokuwa wakisubiri kuku wa Kihindi, walianza kunyoosha mikono. Mbuzi alikuwa ameiva hadi kwenye mfupa, lengalenga ilikuwa na karanga zilizosagwa sawasawa, na sikupata chakula kizuri kama hicho katikati ya mji kwa muda mrefu. Kasoro ilikuwa bukari. Mtu fulani aliona vyema kuukandamiza ndani ya kikombe na kuupindua juu ya sahani kama keki, ukasimama hapo wazi bila kufunikwa mpaka ukafanya ngozi juu, na ulikuwa wa matonge manne, nilihesabu. Niliomba mwingine. Wa pili ulikuwa wa moto kweli, bila umbo la kikombe, lakini ulihesabiwa dolari 3, bei ambayo kwa mama yetu wa zamani ingetushibisha watu wawili pamoja na mboga. Jumla dolari 12, na kwa hesabu yangu dolari 8 zilikuwa za chakula.

Mwenzangu wa pizza, ambaye amesoma maandishi yenu haya, alimwuliza mhudumu kwa nini wasitumie uyoga wa barabarani msimu huu. Jibu lilitoka kwa shefu mwenyewe: wateja wa nyumba hiyo hawapendi uyoga wa kienyeji.

Mpishi aliyestaafu mapema alijibu:

Jibu hilo ninalijua, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe mara nyingi kupitia mlango uleule wa kusukuma. Uyoga tuliununua kila Jumamosi kwa pesa za mfukoni mwetu, tukaupika na nyanya na vitunguu, na kufikia saa tano na nusu sufuria ilikuwa tupu.