Wale wa "tunalinda biashara yako", leo mmenimaliza

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa virusi. Ule ni wa virusi, huu ni wa matusi.

Naandika nikiwa bado kaunta, mikono inatetemeka, herufi zikirukwa mnivumilie. Jina la mtu sitaji, na wala hakuna haja. Wale wa gari jeupe lenye picha ya ngao mlangoni, wanaozunguka Kariakoo na tai shingoni saa saba mchana wakikuuliza "bosi, biashara yako iko salama kimtandao?" Mnawajua. Wamo hata humu, wanasoma. Karibuni.

Mimi na vipuri vyangu vya bodaboda nikaingia laini. Laki mbili na nusu kila mwezi, inaingia kabla hata ya kodi ya fremu. Mkataba una antivirusi, una bakapu ya kila siku, una "msaada saa 24". Za sayari gani, sijui.

Leo asubuhi binti wa kaunta anawasha kompyuta, mafaili yote yameota mikia ya herufi za ajabu. Kuna barua ya Kiingereza: lipa dola 980 ufunguliwe, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Yaani wezi wana punguzo la nusu bei! Hawa wa ngao sijawahi kupunguziwa hata ya nauli.

Napiga simu. "Bosi, fungua tiketi kwa imeili." Imeili iko wapi? Ndani ya kompyuta iliyofungwa. Nikamweleza. Akasema, "Sawa, basi ikishafunguka utuandikie."

Mchana akaja Injinia. Soda kapewa, ya baridi. Kakaa kwenye kiti changu. Katazama skrini, kakuna kidevu, kapiga funda. Halafu kageuka mbele ya wateja, mbele ya binti wa kaunta, mbele ya mzee mmoja wa Mbagala aliyekuja kununua cheni, akasema:

"Kwani haya mafaili mlikuwa mnayatumia?"

MLIKUWA MNAYATUMIA?

Hapana baba, tulikuwa tunayafuga.

Mle ndani kuna stoo nzima, kuna oda za mikoani, kuna orodha ya wanaonidai na ninaowadai. Wanaonidai hawana shida, kila shilingi wanaikumbuka bila kompyuta. Ninaowadai habari zimewafikia soda haijafika nusu. Wamepita mmoja mmoja kunipa pole, meno yote nje. Mmoja ana deni la matairi tangu Ramadhani, kanishika mkono wa rambirambi, eti "Mungu atakulipa." Mungu alichukua matairi?

Nikauliza bakapu. Akanionyesha diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo tangu siku walipoifunga, haijawahi kuchomolewa. Nayo imefungwa. Anasema "bakapu ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka jana." Na mimi nikafoka, ndipo akarudia kwa sauti ya upole kabisa: "Nauliza tu bosi, mlikuwa mnayatumia YOTE?"

Sasa hivi mwenye kumbukumbu za mauzo yangu ni TRA peke yake, maana mashine ya risiti za kodi, EFD, inawapelekea ripoti kila siku. Niende nikawapigie magoti TRA wanikumbushe niliuza nini? Dunia gani hii?

Soda kamaliza. Chupa kaiacha juu ya kibodi.

Naomba mnisaidie kitu kimoja tu. Mtu akikuuliza "mlikuwa mnayatumia", unamjibu nini ambacho si kosa la jinai?

---

Kisu cha Buchani: Siti ya mbele, karanga ninazo. Ngoja waje wenye kampuni yao.

Mnyalu Halisi: "Tulikuwa tunayafuga" hahahaha. Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama nashuka.

Spana Namba 10: Pole mkuu. Swali dogo, usikasirike. Hiyo Windows ilikuwa ya leseni, au ile ya elfu kumi na kiamshio chake kwenye fleshi? Barua ya 980 kwa 490 naijua, ni ukoo wa STOP/Djvu, virusi vya kufunga mafaili ili ulipe. Mara nyingi huingia na programu zilizochakachuliwa, hasa hivyo vya kuamshia Windows na Office.

Mleta uzi: Windows waliweka wao. Mimi nauza cheni na bushi. Usinitoe kwenye mada, mtu kaniuliza kama nilikuwa NAYATUMIA.

Spana Namba 10: Basi mwizi walimleta wao wenyewe, wakakutoza na hela ya ulinzi. Sikiliza: usilipe, usifomati kitu. Fungua ile barua uangalie namba ya utambulisho. Ikiishia na t1, matumaini yapo kidogo, na Emsisoft, kampuni ya antivirusi, wana zana ya bure ya kufungulia tangu 2019. Isipofunguka leo, tunza hiyo diski pembeni, huenda siku moja ufunguo ukapatikana.

Mleta uzi: Injinia kashafomati moja. Anasema ni majaribio.

Spana Namba 10: Naomba kujiondoa kwenye huu uzi.

Mama Kiwembe: Laki mbili na nusu ulitaka wakuletee kikosi cha Ikulu? Mlinzi wangu wa geti anakula zaidi ya hapo na bado analala.

Mleta uzi: Anayelala ana nafuu. Hawezi kukuuliza kama hilo geti ulikuwa unalitumia.

Degrii Kabatini: Mmesahau kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kama majina na namba za simu za wateja zilikuwa humo, mkuu wewe ndiye mkusanyaji, hao wa ngao ni wachakataji. Umejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

Mleta uzi: Nimeibiwa mimi, nikajisajili mimi?

Degrii Kabatini: Ndiyo.

Kisu cha Buchani: Karanga zimeisha, nafuata nyingine.

Mtoro wa Ughaibuni: Msidhani ni Kariakoo tu. Julai 2021 wahalifu walipitia Kaseya, programu inayotumiwa na makampuni yanayosimamia kompyuta za watu, wakafunga mafaili ya wateja wao. Huku Sweden Coop, wenye maduka ya vyakula, walifunga maduka kama 800 kwa sababu mashine za kulipia ziligoma, na wao Kaseya hata hawakuwa wanaitumia moja kwa moja, ilikuwa kwa fundi wao.

Mnyalu Halisi: Na Wasweden nao waliulizwa kama maduka walikuwa wanayatumia?

Kamera Nane: Bora wewe ulitumiwa hata barua. Mimi walinifungia kamera nane, paswedi wakaiacha ileile ya kiwandani. Mwizi kaja, kabeba tivii, kabeba na boksi la kurekodia. Polisi wananiuliza, "Una picha zake?" Picha anazo yeye!

Gesti ya Pwani: Wote hamjapata shida. Kijana alinitengenezea tovuti ya gesti, domeini akaisajili kwa jina lake. Tumegombana bei ya kuihuisha. Sasa hivi ukiifungua unakuta picha za harusi ya dada yake.

Degrii Kabatini: Kama inaishia na .co.tz, peleka malalamiko kwa wasimamizi wa domeini za .tz.

Gesti ya Pwani: Ni ya .com.

Degrii Kabatini: Basi hongereni kwa harusi.

Mama Kiwembe: Weka linki tuone gauni.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu ni wa mafaili.

Mnyalu Halisi: Kwani huu uzi ulikuwa bado unautumia?

Mleta uzi: Nawablock wote.

Mama Kiwembe: Nimeingia. Gauni zuri, ila kamati imekula hela. Mapambo ya vile si ya michango ile, nawaambia.

Kamera Nane: Usinikumbushe michango. Nimetoa laki, nikaletewa kadi ya mtu mmoja. Mke wangu nikamwache nyumbani?

Gesti ya Pwani: Mimi waliniongeza kwenye kundi la Whatsapp bila kuniuliza, nimetoka, wakanirudisha.

Kamera Nane: Na meza niliyopewa ilikuwa nyuma ya jenereta.

Kisu cha Buchani: Ile ya Sinza mwezi uliopita? Nilikuwa meza hiyo! Wali ulitufikia?

Kamera Nane: Ulifika mchuzi.