Naomba msaada kwenye neno "goat"

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nipo Chamwino hapa Dodoma, jioni namsaidiaga mdogo wangu wa fomu wani Kiingereza, sasa kaniuliza mbona Messi anaitwa "goat", maana huku ukimwita mtu mbuzi mmeshagombana. Nikamwambia ni herufi za mwanzo za "greatest of all time", akaelewa. Kilichonishinda ni "scapegoat", yaani mtu anayebebeshwa lawama za wengine, kwa Kiswahili tumwiteje. Nimesoma Walawi 16, kuna mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, huyu wa pili anabebeshwa dhambi za watu anaachiwa nyikani akiwa hai, sasa tukisema mbuzi wa kafara si tunamtaja yule wa kwanza jamani? Nimejaribu "msingiziwa", naona haijakaa. Nyie mnatumia neno gani? Na "goat" ya kusifia akiiandika kwenye insha ya shule, mwalimu ataipokea?