Podikasti za insha za Lovecraft: tunachangishwa pesa tusikilize porojo!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natapika nyongo.

Kuna podikasti moja ya Wamarekani, siitaji jina, wapenzi wa hadithi za kutisha humu mtaijua tu. Walitangaza wataipitia insha ya H. P. Lovecraft, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, kuhusu fasihi ya kutisha, ile ya 1927, sura zote kumi, kila kipindi sura moja. Ukichangia kila mwezi unapata vipindi mapema. Nikachangia. Kwa dola, na mnajua dola inavyotukamua.

Kipindi cha kwanza nilikaa nacho na saa mkononi. Dakika 9 matangazo ya magodoro. Dakika 20 jamaa wanasimuliana walivyonunua sanamu ya Cthulhu, lile dude la kwenye hadithi za Lovecraft. Cthulhu anaingiaje hapo? Kwenye insha ile Lovecraft hagusi kabisa madude yake, anachambua waliomtangulia! Sentensi ya kwanza, kwamba hofu ndiyo hisia kongwe na kali kuliko zote kwa binadamu, na hofu kali zaidi ni ya kisichojulikana, waliisoma, wakaitania, wakacheka. Basi, uchambuzi umeisha.

Sura ya pili ndiyo iliyonivuruga. Humo Lovecraft anadai ngano za watu wa kaskazini mwa Ulaya zinatisha kuliko za Walatini, na sababu eti ni damu. Damu! Bibi yangu wa Tanga hakuwa na tone la damu ya kaskazini, lakini akishaanza habari za vibwengo hakuna mjukuu aliyethubutu kwenda chooni peke yake. Nikategemea jamaa watamkaba hapo, waoneshe hoja inavyoporomoka. Wakasema "alikuwa mtu wa zama zake", tukarudi kwenye magodoro.

Walipofika sura ya nne, kimya. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo hakuna kipindi, ila kadi yangu inakatwa kama kawaida. Na kichekesho ni kwamba insha hiyohiyo ilianza kuchapishwa upya vipandevipande mwaka 1933 kwenye The Fantasy Fan, kijarida cha kijana mdogo tu, kikafa Februari 1935 insha ikiwa katikati ya sura ya nane. Dogo alifika ya nane! Hawa na maikrofoni zao za bei mbaya wameishia ya nne.

Nikahamia kwa mwingine, anayefundisha watu kuandika kwa kutumia ile insha fupi ya Lovecraft iliyotoka 1937 akiwa ameshakufa. Bwana huyu anasema siri ni kujiachia tu, uandike linalokujia. Ameisoma kweli? Mle Lovecraft anakutaka uandae mihtasari miwili kabla ya yote: wa kwanza matukio yalivyotokea kwa mfuatano wa wakati, wa pili yatakavyosimuliwa. Ndipo uandike, na ukimaliza urudi kusahihisha. Ni kurasa chache mno, unaimaliza ukisubiri chai ichemke. Yeye kaifanyia vipindi vitatu bila kuifungua.

Mchango nimeshausitisha, bando langu halirudi. Mwenye kujua podikasti iliyofika sura ya kumi kweli, kwa waandishi akina Machen, Blackwood, Dunsany na M. R. James, aiweke hapa. Ya magodoro msiniletee.