Watu wa Mtambwe, Pemba: gumzo la Alhamisi asubuhi

Shangazi Zuwena, 05:48
*Umesambazwa mara nyingi*
USIPUUZE!! Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, kamuota Mtume usiku wa Ijumaa. Kaambiwa umma umepotea, kiyama ki karibu. Tuma kwa watu 20 utapata kheri ndani ya siku nne. Mmoja kaupuuza, akafiwa na mwanawe.

Mwajuma, 05:53
Shangazi nishatuma. Wa 20 nimemkosa, nikampa fundi wa friji.

Khamis (Dar), 05:55
Mimi watu 20 wanaonivumilia saa hizi sinao.

Ami Seif, 06:07
Assalaam alaykum. Bi Zuwena, waraka huu naujua tangu sijaota ndevu. Enzi zetu ulikuja kwa karatasi ya daftari, unasukumizwa chini ya mlango, na sharti uunakili kwa mkono. Na sisi hatukuwa wa mwanzo. Mwaka 1908, zama za Mjerumani, waraka wa Sheikh Ahmad huyu huyu ulitapakaa Lindi na mwambao wote, ukaitwa Waraka wa Makka. Serikali ikaingia hofu watu watainuka tena, maana Maji Maji ilikuwa ndo kwanza imezimwa. Sasa hesabuni. Miaka mia na zaidi, mlinzi hafi, hastaafu, na ndoto ni ile ile.

Khamis (Dar), 06:08
Pensheni yake anachukua nani?

Shangazi Zuwena, 06:10
Khamis shika adabu. Seif, kwani Mtume si mwenyewe kasema atakayemuota kamuona kweli, shetani hawezi kujifananisha naye?

Ami Seif, 06:14
Kasema, imo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Lakini dini ilikamilika yeye yu hai. Hapana usingizi wa mtu unaoongeza sharti la kutuma kwa watu 20. Na imo Bukhari pia: anayedai kaota asichokiota, kiyama atatakiwa azifunge fundo punje mbili za shayiri, na hatoweza. Mimi fundo hilo silitaki, hata kwa kusambaza tu.

Mwajuma, 06:16
Ami, adhana si ilikuja kwa ndoto? Chuoni tulisomeshwa.

Ami Seif, 06:19
Umesomeshwa vizuri. Abdullah bin Zayd aliota. Akenda wapi? Kwa Mtume. Mtume akasema hiyo ni ndoto ya haki, mfundishe Bilal. Iliyopitisha ni kauli ya Mtume, na leo hatunaye wa kupitisha.

Salma, 06:26
Shikamooni. Ami maadam mpo huko huko. Usiku nimeota meno yananidondokea kiganjani, moja moja, damu hakuna. Na kesho nna boti ya Unguja. Naogopa.

Mwajuma, 06:26
Yarabi. Ya juu au ya chini?

Shangazi Zuwena, 06:27
Ya juu upande wa baba, ya chini upande wa mama. Bila damu afadhali.

Khamis (Dar), 06:27
Mimi niko juu au chini?

Mwajuma, 06:28
Salma ghairi safari mwana wee. Jirani yetu kaota meno, wiki haikwisha tukaanua tanga.

Ami Seif, 06:29
Nyamazeni nyote.

Ami Seif, 06:33
Ndoto iko mguuni mwa ndege madhali haijafasiriwa, ikifasiriwa inatua. Hadithi hiyo ipo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Mtoto kaja na ndege wake, nanyi mnamvurumishia mawe. Nabii Yaaqub alipoambiwa na Yusuf kuwa nyota 11, jua na mwezi vinamsujudia, ndoto njema hiyo, alimwambia usiwasimulie nduguzo. Nduguze wa baba mmoja! Humu mna mashemeji wa mashemeji, mpaka wa Maskati.

Salma, 06:34
Nishasimulia ami. Nifanyeje?

Ami Seif, 06:34
Ulipozinduka ulifanya nini?

Salma, 06:35
Nikashika simu.

Ami Seif, 06:39
Ndipo ulipokosea. Mtu akiota la kumchukiza, hutema kushoto mara tatu, pumzi yenye kimate kidogo tu, usije ukarowesha mto. Sema audhubillahi minash shaytani rajim, geuza ubavu, ukiweza inuka usali rakaa mbili. Usimwambie mtu. Mtume kasema haitomdhuru. Basi boti utapanda.
Kuna bedui alimwendea Mtume akasema, nimeota nimekatwa kichwa, kikawa kinabingirika, nami nakifukuza mbio. Mtume akacheka. Akamwambia usiwahadithie watu shetani anavyokuchezea usingizini.

Mwajuma, 06:40
Anakifukuza na macho yapi 😂

Shangazi Zuwena, 06:42
Mbona mimi nna kitabu cha kufasiri ndoto cha Ibn Sirin kwenye simu na kinasema meno ni jamaa?

Ami Seif, 06:47
Ibn Sirin mtu wa Basra, kafariki mwaka 110 wa Hijra. Wanavyuoni wengi wanasema kitabu hicho si mkono wake. Na yeye hakufasiri kwa kamusi. Inasimuliwa watu wawili walimjia, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utahiji, wa pili akamwambia utakamatwa kwa wizi. Ndoto moja! Alimtazama mtu na mwenendo wake. Simu yako imemtazama Salma?

Bibi, 06:58
🎤 1:37

Mwajuma, 07:04
Bibi nimemuandikia kwa walioko kazini. Anasema:
"Babu yenu juzi kanijia. Kakaa barazani na kanzu yake ile ya rangi ya maziwa, anakuna nazi. Mbuzi kaikalia kinyume. Na maisha yake yote nazi hakukuna mtu yule. Nikaamka nacheka, nikamuombea dua, sikumwambia mtu. Sasa Salma. Nani kamuuliza habari ya gego lake? Tangu Ijumaa anatafunia upande mmoja, mkate wa ajemi anauchovya chai mpaka unakuwa uji. Usiku namsikia anaguna. Asiote meno aote nini, karafuu?"

Khamis (Dar), 07:05
😂😂😂

Ami Seif, 07:07
Bi mkubwa kanifunga mdomo. Mtume kasema ndoto ni tatu: bishara ya Mwenyezi Mungu, huzuni ya shetani, na lile mtu analozungumza na nafsi yake. Nilikimbilia la pili.

Salma, 07:09
Nilikwenda kung'oa Jumatatu. Nikaiona ile koleo nikarudi.

Shangazi Zuwena, 07:11
Njoo kwangu uchukue mafuta ya karafuu, chovya pamba ubane kwenye gego. Ukifika mjini ling'oe huko huko. Na kwenye boti kaa nyuma, ule mkondo wa Nungwi unatapisha hata asiyeota.

Shangazi Zuwena
🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

Mwajuma, 07:15
Umechelewa shangazi. Fundi wa friji kanijibu. Kanirejeshea waraka ule ule, na watu sasa ni 30.